Kanga ikinigusa naruka: mkanda wa jeshi umekauka, moto umebaki

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, nina miaka 47, mjane, naishi na mwanangu wa kwanza, mkewe na mjukuu. Naandika kwa sababu hili jambo siwezi kulisema kwa sauti hapa mtaani.

Lilianza Januari, msimu wa sare za shule. Mafundi wote tunajua Januari hakuna kulala, mimi nilikuwa nashona mpaka saa nane za usiku. Nikaanza kusikia kitu kinanichoma chini ya titi la kushoto, kinazunguka hadi mgongoni pale sidiria inapofungwa. Si kuuma kwa kawaida. Kama mtu ananipitishia pasi ya mkaa taratibu. Nikajua ni moyo. Zahanati wakanipima presha, ikawa nzuri, wakasema ni vidonda vya tumbo na kunipa omeprazoli. Siku ya nne nikamwomba mkwe wangu anikune mgongo, akarudisha mkono haraka. “Mama, una malengelenge.”

Vilikuwa vipele vidogo vya maji vimebanana, vimetoka kwenye uti wa mgongo, vikapita ubavuni, vikaja chini ya titi, na hapo katikati ya kifua vikakoma kama vimekatwa na mkasi. Upande wa kulia hakuna hata kimoja. Jirani mmoja akasema nimekojolewa na buibui, akaniletea dawa ya meno nipake. Wa pili akasema ni mkanda wa jeshi, niombe Mungu ncha zake zisikutane, maana zikikutana ni kaburi. Wa tatu hakusema kitu, ila tangu siku hiyo hanywi chai kwangu.

Duka la dawa waliniuzia tyubu ya asaikloviri ya kupaka, vidonge kumi vya hiyo hiyo asaikloviri, na amoksilini. Nikapaka, nikameza. Vipele vikakauka baada ya kama wiki tatu, vikaacha mabaka meusi.

Mama, sasa ni Mei na ule moto haujatoka. Sidiria sijavaa tangu Februari. Kanga ikinigusa pale naruka. Futi ninayoivaa shingoni nikipima wateja, ncha yake ikilegea ikanipapasa lile baka, natoa sauti bila kupenda na mteja anashtuka. Nikikandamiza kwa kiganja haiumi sana, lakini kitu chepesi ndiyo balaa. Usiku siwashi feni. Nameza diklofenaki mbili kwa siku na panado, kila siku, lakini ni kama nameza maji.

Kuna na hili. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa analala na mimi. Mwisho wa Januari akatoka tetekuwanga mwili mzima. Alipona, lakini mama yake akamchukua kumpeleka kwa bibi yake mwingine na mpaka leo hajamrudisha. Hajaniambia kitu usoni. Nilimsikia kwenye simu akisema, “Mama ana ule ugonjwa.” Baba yao alifariki miaka sita iliyopita kwa kifua kikuu. Mimi sijawahi kupima, nilisema ya nini kujitafutia presha.

Naomba unijibu kweli. Je, ni ule ugonjwa? Mjukuu nimemwambukiza mimi? Mkanda utarudi kufunga ncha zake? Na haya maumivu yana mwisho?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miaka 31 niliyovaa gauni la uuguzi nimewageuza kitandani wagonjwa wengi wa mkanda wa jeshi, na karibu wote walisema neno lako hilo: kitu chepesi ndiyo balaa. Shuka waliichukia kuliko sindano. Kwa hiyo kama kuna mtu amekwambia unajidekeza, mwache alivyo.

Nianze na hizo ncha, kwa sababu zinakutisha bure. Uliwahi kuugua tetekuwanga, pengine ukiwa mdogo hata hukumbuki. Vipele vilipona lakini kirusi hakikutoka mwilini. Kilikwenda kujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu vilivyo kando ya uti wa mgongo, kikakaa kimya miaka yote hiyo huku kinga ya mwili ikikilinda kama mlinzi wa getini. Mlinzi akichoka, kwa umri, kwa ugonjwa, kwa dawa fulani, kirusi kinaamka. Kinaamka kwenye kifundo kimoja na kuteremka na mshipa wa kifundo hicho mpaka kwenye ngozi. Mshipa wako wa kushoto unahudumia ukanda mmoja wa ngozi, kutoka mgongoni hadi katikati ya kifua, na hapo kazi yake imekwisha. Ng'ambo ya pili ni eneo la mshipa wa kulia. Ndiyo maana uliona vimekatwa na mkasi. Na ndiyo maana uliungua siku kadhaa kabla ya kipele hata kimoja kuonekana: kirusi kilikuwa bado njiani, kinachoma mshipa kabla ya kufika juu. Wengi hutibiwa moyo, tumbo au figo katika siku hizo, si wewe peke yako.

Aliyelieleza hili vizuri mapema hakuwa bingwa wa hospitali kubwa. Alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson, aliyewafuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka mingi na kuandika mwaka 1965 kwamba mkanda ni tetekuwanga ile ile ya zamani iliyoamka. Huwa namkumbuka kila ninapoona mhudumu wa zahanati anaandika daftari lake bila kuinua macho kwa mgonjwa.

Basi ncha hazikutani. Hata jina letu linakuza mambo, maana mkanda wa jeshi unazunguka kiuno chote na huu ni nusu mkanda. Waarabu wa Omani na Ghuba wanauita mkanda wa moto, na nadhani wao wamepatia zaidi. Wapo watu wachache, wenye kinga iliyoshuka mno, ambao vipele huwasambaa mwili mzima. Hao hulazwa na kutibiwa kwa dripu, na hata kwao si suala la ncha kukutana. Kurudi, unaweza kurudi, ila walio wengi huugua mara moja tu.

Mjukuu. Hapa nitakujibu kweli kama ulivyotaka: yaelekea ndiyo, aliipata kwako. Maji ya vile vipele yana kirusi, na mtoto ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akiyagusa huipata, ikijitokeza siku 10 hadi 21 baadaye. Hesabu zako za Januari zinaingia humo. Lakini alichopata ni tetekuwanga, ugonjwa ambao nusu ya mtaa wenu umeupitia. Hakupata mkanda, maana mkanda hauambukizwi mtu kwa mtu. Kila mtu huamsha wa kwake. Na VVU havipiti kwenye vipele vya tetekuwanga wala kwenye kulala na bibi. Magamba yakishakauka huna tena cha kuambukiza, na ya kwako yalikauka Februari. Mtoto hana sababu ya kuendelea kukaa kwa watu.

Ulichopaswa kuambiwa Januari, na namwambia sasa msomaji ambaye vipele vyake ni vya jana: vifunike kwa kitambaa safi kisichonata, nawa mikono, usilale na mtoto, na ukae mbali na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, na kichanga, na mtu mwenye kinga dhaifu, mpaka kipele cha mwisho kiwe gamba. Dawa ya meno usipake. Majivu usipake. Nimeosha vidonda vilivyopakwa hadi mafuta ya taa, na kazi iliyobaki baada ya hapo ilikuwa ya kutibu ngozi iliyoungua juu ya mkanda.

Sasa dawa ulizouziwa, na hapa nakasirika kidogo. Asaikloviri ndiyo dawa yenyewe, lakini ya kumeza. Ile ya tyubu haisaidii mkanda, kwa kuwa vita iko ndani kwenye mshipa. Na kipimo chake kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Chukua vidonge vya miligramu 200: ni vinne kila mara, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Wewe ulipewa kumi, yaani kama vilikuwa vya 200 ni dozi ya nusu siku. Najua muuzaji aliangalia mfuko wako, na najua mgonjwa akitajiwa vidonge 140 anadhani anaibiwa. Ipo pia valasaikloviri, inayomezwa mara tatu tu kwa siku, ila bei yake iko juu. Yoyote kati ya hizo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu kipele cha kwanza, na vipele vipya vikiwa bado vinatoka, hata baada ya hapo daktari anaweza kuanzisha. Amoksilini inaua bakteria, kirusi haikigusi; huwa na maana pale kidonda kinapoingia usaha.

Kwa Mei hii asaikloviri haina tena kazi kwako. Kilichobaki ni mshipa wenyewe. Umewahi kuona waya wa umeme uliochubuka ganda? Ukiugusa kidogo unapiga cheche. Mshipa wako ulichubuliwa hivyo, sasa unapeleka habari za uongo kwenye ubongo: kanga imegusa, wenyewe unasema moto. Maumivu yakipita miezi mitatu baada ya mkanda, madaktari wana jina lake na matibabu yake, na diklofenaki haimo. Diklofenaki inatuliza uvimbe na wewe huna uvimbe. Miezi minne ya kuimeza mara mbili kwa siku inaweza kukutoboa tumbo na kuumiza figo, na presha nayo ikapanda. Iache. Ukienda kwa daktari mwambie umeitumia muda gani, akupime na figo. Usione aibu, hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote utakazompa.

Dawa zinazolenga mshipa zipo, na mojawapo ni ya zamani na bei yake si mbaya: amitriptilini. Kwa kawaida huanzia miligramu 10 au 25 usiku kabla ya kulala, kisha daktari huongeza polepole. Nakuonya mambo matatu, maana wagonjwa wangu wengi waliiacha kwa sababu ya haya. Kwanza, muuzaji anaweza kukunong'oneza kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ilianza kama dawa ya sonona, ni kweli, lakini kwa dozi ndogo inatuliza mishipa, na hujaandikiwa kwa sababu una wazimu. Pili, haifanyi kazi usiku wa kwanza. Ipe wiki kadhaa. Tatu, inakausha mdomo na asubuhi unaweza kuamka na usingizi, kwa hiyo siku za mwanzo usikimbilie cherehani alfajiri, sindano haijui umelala. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho lazima aseme kabla ya kuandikiwa. Ikikushinda, ipo gabapentini au pregabalini, hizo nazo kwa daktari tu. Kuna na krimu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili, ya kupaka kwenye ngozi iliyopona kabisa. Tafadhali usiende kusaga pilipili kichaa ukajipaka.

Yana mwisho? Kwa wengi hupungua taratibu mwezi hadi mwezi. Kwa baadhi huchukua mwaka na zaidi, hasa wazee. Wewe una miaka 47, umri uko upande wako, lakini tarehe siwezi kukupa.

Wakati unasubiri, tumia ufundi wako. Kanga inayopepea ndiyo adui, kwa hiyo jishonee fulana ya pamba laini, ikae karibu na mwili isicheze, na mishono yake ije nje. Nilimwona mgonjwa mmoja akiigeuza fulana ya mumewe ndani-nje, akaweza kulala. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi nacho huwasaidia baadhi ya watu. Barafu yenyewe usiibandike.

Sasa lile swali uliloliweka mwanzo kabisa.

Miaka ya 80 na 90 mkanda wa jeshi kwa kijana ulikuwa kama tangazo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata hatukuwa na dawa. Tulikuwa tunampokea kijana ana mkanda, tunatazamana, hatusemi. Mtaa ukajifunza kutazamana hivyo hivyo, na haujasahau. Jirani yako asiyekunywa chai ametoka huko. Na si kwamba aliota: VVU vinashusha kinga, mlinzi wa getini anasinzia, mkanda unaamka. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani linauweka mkanda kwenye dalili za hatua ya pili kati ya hatua nne za VVU, na kila mtu mzima anayetoka mkanda hapa kwetu anapaswa kushauriwa kupima. Wewe hukushauriwa, na hilo ni kosa la waliokuhudumia.

Lakini upande wa pili ni mkubwa pia. Marekani wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watatu atapata mkanda katika maisha yake, na walio wengi hawana VVU. Wana umri tu. Miaka 47 na mwezi mzima wa kushona sare mpaka saa nane za usiku vinaweza vikawa ndiyo maelezo yote. Kifua kikuu cha marehemu nacho hakithibitishi kitu, maana watu wengi hukipata bila VVU. Kwa barua siwezi kujua, na jirani kwa kuangalia mgongo hawezi kujua.

Tone la damu la kidoleni linajua, kwa dakika zisizozidi 20 au hivi, bila malipo kwenye kituo cha serikali. Uliogopa kujitafutia presha. Mwanangu, presha unayo tayari, umeibeba miaka sita. Wakikukuta navyo, unaanza dawa mara moja, nazo hutolewa bure. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, na mtu anayemeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Si ule wakati wa Kagera. Usipokutwa navyo, hapo hapo omba wakupime sukari, nayo hushusha kinga kimya kimya. Safari hiyo hiyo mweleze daktari maumivu kwa maneno yale yale uliyoniandikia, ya kanga na feni. Ukisema “naumwa mbavu” utatoka tena na diklofenaki.

Kwa wasomaji wengine, moja fupi lakini zito. Mkanda ukitokea kwenye paji la uso, kope au pua, hasa kipele kikionekana kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu, kwa sababu mshipa huo unakwenda na jichoni na mtu anaweza kupoteza uoni. Vipele vya sikioni pamoja na mdomo kupinda, vivyo hivyo.

Na wanaouliza chanjo: ipo, inaitwa Shingrix, ilianza kutumika Marekani mwaka 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, sindano mbili kwa kupishana miezi miwili hadi sita. Hapa kwetu haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa. Nayo hukinga, haitibu moto ambao tayari unawaka, kwa hiyo usimsumbue ndugu aliye ughaibuni akutumie.

Mkwe wako usimvizie kwenye simu. Mwite, mkae naye jikoni, mwambie ulimsikia, kisha mpe simu asome pale nilipoandika habari za mjukuu. Usimwahidi majibu ya kipimo chako. Hayo ni yako, utamwambia ukitaka. Mwulize tu mtoto anarudi lini.

Futi usiivae tena shingoni. Shona mfuko kwenye aproni, uiweke humo.